Mashine Kuukuu ya Boti: Utunzaji Wake na Dawa ya Maradhi Yake

Katika jarida la chama chetu nimezoea kusoma mashairi, vitendawili na zile insha za siku isiyosahaulika. Hayo yote ni mazuri, wala siyabezi. Mwaka huu, hata hivyo, nimeona nikuletee somo ambalo halimo katika silabasi, ilhali limo katika maisha yetu ya kila siku hapa Lamu. Somo lenyewe ni mashine ya boti.

Huenda ukauliza, mashine na Kiswahili wapi na wapi? Jibu ni kwamba mabaharia wetu huitengeneza mashine kwa Kiswahili. Ukikaa gatini saa moja tu utasikia maneno ambayo hutayapata katika kitabu chochote cha darasani. Tena, wengi wetu tunaosoma shule hii ya kutwa hatuji kwa miguu. Tunavuka maji. Kwetu boti ndiyo matatu, na mkondo ndio barabara. Tofauti ni kwamba matatu ikizima, abiria hushuka wakasukuma. Boti ikizima, utashuka wapi?

Ami yangu ni nahodha. Ana boti ya mbao yenye mashine ya nguvu ya farasi 15, ambayo umri wake unanizidi mimi niliye na miaka 16. Asubuhi huvusha abiria, alasiri huenda kuvua. Karo yangu hutoka humo. Mashine ikilala wiki moja, nyumbani tunajua, na bursa wa shule naye atajua. Tangu nilipokuwa darasa la sita nimekuwa nikimshikia ami spana na kumwekea taa. Nitakayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasoma katika kile kitabu cha maelezo kilichokuja na mashine, ingawa kurasa zake zimeliwa na chumvi.

Kabla hatujatweka tanga, shika neno moja: mashine haifi ghafla. Husema kwanza. Hukohoa, hutetemeka, hutoa moshi wa rangi ngeni, au huacha kutoa maji. Anayeijua lugha yake huitibu ikiwa bado ina homa. Asiyeijua hungoja hadi ikate roho katikati ya mkondo.

1. ASILI YAKE

Zamani vyombo vyetu viliendeshwa kwa tanga, kasia na upondo. Mashine ya kufunga nyuma ya boti, yaani kwenye tezi, ilisambaa duniani karne ya 20. Mmoja wa waliosababisha ienee ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, ambaye mwaka wa 1909 alianza kuuza mashine yenye nguvu ya farasi moja na nusu tu. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa mashine yake ya kwanza ya aina hii mwaka wa 1960.

Uzuri wa mashine hii ni kwamba huning'inia nje ya chombo. Yaweza kuinuliwa maji yakipwa, na yaweza kufunguliwa ikabebwa begani hadi kwa fundi. Ubaya wake ni uo huo: daima imo katika chumvi, na chumvi haina rafiki.

2. JINSI INAVYOFANYA KAZI

Mashine nyingi kuukuu ni za mipigo miwili. Maana yake ni kwamba pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, kazi imekwisha: mafuta yameingia, yamebanwa, yamelipuka, na moshi umetoka. Mashine ya namna hii haina mahali pake pa kuweka oili kama gari. Oili huchanganywa na petroli katika tangi, na mchanganyiko huo ndio unaoilainisha pistoni na beringi zote. Ukisahau oili, chuma hukwaruza chuma, na baada ya muda mfupi mashine hukwama. Mafundi husema imenoki. Hapo sasa hata uivute kamba kwa mikono miwili, haizunguki.

Ili iwake, mashine yoyote ya petroli inataka vitu vitatu: mafuta safi, cheche, na mbano ndani ya silinda. Ili isiungue baada ya kuwaka, inataka cha nne, nacho ni maji ya kuipoza. Vikariri vinne hivi kama unavyokariri ngeli za nomino: mafuta, cheche, mbano, maji. Ugonjwa wowote wa kuzima au kuchemka utaanzia katika kimojawapo.

3. UTUNZAJI

(a) Kila siku

Kwanza, changanya mafuta kwa kipimo. Mashine nyingi za mipigo miwili zilizokwisha kuzoea kazi hutumia sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili. Kwa hesabu rahisi, lita 25 za petroli hutaka nusu lita ya oili. Lita 10 hutaka mililita 200. Kama kitabu cha mashine yako kinasema vingine, fuata kitabu. Oili iwe ile maalumu ya mashine za boti za mipigo miwili, ambayo chupa yake huandikwa TC-W3. Oili ya injini ya gari haifai hata kidogo. Wako wanaokadiria kwa jicho: "Tia tu, itatosha." Oili ikipungua mashine hunoki, ikizidi plagi hujaa masizi. Jicho si chupa ya kupimia.

Pili, chuja mafuta. Tumia faneli yenye wavu, na usimimine tone la mwisho la mtungi, kwani maji na mchanga hukaa chini. Petroli huelea juu ya maji, hivyo tangi likiwa na maji, hayo ndiyo yatakayonyonywa kwanza na paipu.

Tatu, ikishawaka, tazama nyuma. Kuna tundu dogo linalotoa mrizamu wa maji. Mabaharia husema mashine inakojoa, na mwalimu aniwie radhi maana hilo ndilo neno lenyewe. Mrizamu ukiwa na nguvu, pampu ya maji ni nzima. Ukikonda, kuna jambo. Usipotoka kabisa, zima mara moja.

Nne, ukirudi, ioshe kwa maji matamu. Ami huishusha mashine ndani ya pipa lililojaa maji ya kisima yasiyo na chumvi, akaiacha izunguke polepole kwa takriban dakika 10. Gia iwe katikati, na maji yafike juu ya mahali pa kunyonyea. Mwishoni huchomoa paipu ya mafuta na kuiacha imalize yaliyomo katika kabureta hadi izime yenyewe. Petroli ikilala miezi ndani ya kabureta hugeuka kama gundi na kuziba vijitundu vyembamba kuliko sindano. Kamwe usiwashe mashine nje ya maji, hata kwa "kuijaribu tu". Mpira wa pampu hulainishwa na maji yale yale. Ukizungushwa mkavu huungua kabla hujahesabu hadi mia.

(b) Kila mwezi

Fungua plagi uzisome. Naam, plagi husomeka kama barua. Ikiwa ya rangi ya kahawia kama biskuti, mashine ina afya. Ikiwa nyeusi na ina ulenda, oili imezidi au choki imeachwa ikiwa imevutwa. Ikiwa nyeupe kavu, mashine inapata joto kupita kiasi au mafuta ni haba. Isafishe kwa mswaki mkuukuu, upime mwanya wake kulingana na kitabu. Plagi mpya mbili ni rahisi kuliko siku moja bila kuvua.

Paka grisi isiyoyeyuka kwa maji mahali mashine inapogeukia na inapoinukia. Kisha fungua rafadha. Mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejizongazonga katika mhimili wake. Mshipi huo, japo mwembamba, hukata mpira wa kuzuia maji, na bahari ikaingia katika gia.

(c) Kila nusu mwaka na kila mwaka

Badilisha oili ya gia kila baada ya saa 100 za kazi, au walau mara mbili kwa mwaka. Zipo skrubu mbili, ya chini na ya juu. Fungua zote, oili imwagike. Ikiwa nyeusi ni uchakavu wa kawaida. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na mpira umekwisha. Oili mpya hutiwa kwa tundu la chini hadi ichungulie tundu la juu, ili hewa ipate njia ya kutokea. Ukiimimina kutoka juu, hewa hubaki ndani na gia hukaa na njaa.

Mpira wa pampu ya maji ubadilishe kila mwaka au kila miaka miwili, hata kama unaonekana mzima. Mwisho, tazama kile kipande cha zinki kilichofungwa chini karibu na rafadha. Kazi yake ni kuliwa. Chumvi hukila chenyewe ikaiacha bodi ya mashine. Kikifika nusu, kibadilishe. Na tafadhali, usikipake rangi! Nimewaona watu wakikipaka ili kipendeze. Kikishapakwa rangi hakiliwi tena, na kisipoliwa, italiwa mashine.

4. IKIZIMA BAHARINI

Mwezi wa Julai mwaka wa 2024, nikiwa kidato cha kwanza, tulikuwa tunavuka kutoka Manda kuja Lamu asubuhi. Ulikuwa msimu wa kusi, na maji yalikuwa yanatoka kwa kasi kuelekea mlango wa Shela, ambako bahari kuu inapumulia. Ndani tulikuwa wanafunzi saba na mama mmoja na kapu lake la mahamri. Mashine ilianza kupoteza nguvu, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kijana mmoja aliruka kuivuta kamba. Ami akamkataza. "Nanga kwanda, mashine nyuma," alisema kwa Kiamu chake, yaani nanga kwanza, mashine baadaye.

Nanga ikatupwa, ikashika. Boti ikageuza omo kuelekea mkondo, ikatulia. Ndipo ami alipoinama na kuligusa lile yai la mpira lililo katika paipu ya mafuta. Lilikuwa limenywea kama embe lililonyonywa. Hakugusa spana. Aliulegeza msumari mdogo wa kupitishia hewa ulio juu ya kifuniko cha tangi, tukasikia tangi likivuta pumzi. Abiria mmoja alikuwa ameufunga kwa kuchukizwa na harufu ya petroli. Aliliminya yai hadi likawa gumu, akavuta kamba mara mbili, tukaondoka. Tuliwahi gwaride.

Fikiria kama angeanza na spana. Dakika zile zile za kufungua plagi, mkondo ungekuwa umetusogeza hadi mlangoni penye mawimbi ya kusi, bila mashine na bila nanga. Ndiyo maana mpangilio ni dawa kuliko ufundi wenyewe. Mpangilio wa ami ni huu:

(i) Tia nanga. Waambie abiria wakae chini na wahakikishe jaketi za kuokoa maisha zimefungwa.

(ii) Tazama kamba ya usalama ya kuzimia mashine. Ikichomoka mashine haiwaki hata ukiivuta hadi Maghribi. Hakikisha gia iko katikati.

(iii) Tazama mafuta: Je, yamo? Hewa ya tangi imefunguliwa? Mshale wa yai unaelekea mashine? Yai likiminywa linakuwa gumu? Yai lililonywea huonyesha kwamba tangi halipati hewa au njia imeziba upande wa tangi. Yai lisilokuwa gumu kamwe huonyesha kwamba mahali fulani paipu inavuta hewa.

(iv) Tazama cheche: Fungua plagi, uirudishe katika kofia yake, chuma chake kiguse bodi ya mashine, kisha mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Kabla ya hapo futa petroli yoyote iliyomwagika, maana cheche haichagui pa kuwasha. Jaribu zote mbili, kwani plagi moja ikifa mashine huenda, lakini kwa kutetemeka kama mgonjwa wa malaria.

(v) Ikiwa mafuta yapo na cheche ipo, na kamba inavutika kwa wepesi usio wa kawaida kana kwamba ndani hamna kitu, mbano umepotea. Hilo halitibiki baharini. Toa kasia au tanga, au uite msaada.

5. MARADHI MENGINE NA TIBA ZAKE

Mashine yanguruma lakini boti haiendi: Mpira wa ndani ya rafadha umeteleza, au pini imekatika. Pini hukatika kwa makusudi ili gia isivunjike rafadha inapogonga mwamba. Weka pini mbili za akiba. Usitie msumari badala yake, maana msumari ukikataa kukatika, gia ndiyo itakayokatika.

Maji ya kupoza hayatoki: Zima, inua mashine, tazama kama mwani au karatasi ya plastiki imeziba wavu wa kunyonyea. Kama ni safi, chokoa lile tundu la juu kwa waya mwembamba au uzi mgumu wa mshipi, kwa sababu chumvi huganda humo. Yakikataa bado, ni pampu.

Mashine yawaka kisha yazima ukiongeza mafuta: Kabureta imeingia uchafu, au petroli ina maji. Mimina petroli kidogo katika chupa angavu, uiache itulie. Maji utayaona chini.

Petroli imemwagika mashine ikijaa: Dalili ni harufu kali na plagi zilizolowa. Rudisha choki ndani, kausha plagi, ngoja kidogo, kisha vuta ukiwa umefungua aksileta.

Mashine imeanguka baharini: Itoe upesi, ioshe kwa maji matamu, fungua plagi, uivute taratibu hadi maji yote yatoke. Ukihisi inakwaruza kana kwamba ina mchanga ndani, acha, mpelekee fundi. Ikiwa laini, tia oili katika matundu ya plagi na uiwashe siku hiyo hiyo. Usiiache ikauke juani ikingoja fundi wa kesho, kwani kutu haingoji.

6. SANDUKU LA NAHODHA

Ndani ya boti yenye mashine kuukuu kuwe na: plagi mbili, spana ya plagi, bisibisi, koleo, pini za rafadha, kipande cha paipu na vibano vyake, kamba yenye fundo ya kuwashia ile ya asili ikikatika, tochi, na nanga yenye kamba ya kutosha. Na hata mashine ikiwa mpya inayong'aa, usiondoke bila kasia au upondo. Wazee wetu hawakuwa na plagi, na walifika.

MSAMIATI

Omo – sehemu ya mbele ya chombo.
Tezi – sehemu ya nyuma ya chombo.
Rafadha – chuma chenye mapanga kinachozunguka majini na kusukuma chombo.
Upondo – mti mrefu wa kusukumia chombo majini penye kina kifupi.
Mkondo – maji yaendayo kwa kasi upande mmoja.
Mshipi – uzi wa kuvulia samaki.

MASWALI

1. Taja vitu vinne ambavyo mashine ya boti huhitaji ili iwake na isiungue.
2. Tangi lina lita 15 za petroli. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, utatia mililita ngapi za oili?
3. Kwa nini oili ya gia hutiwa kutoka chini?
4. Eleza sababu ya ami kusema "Nanga kwanda, mashine nyuma."
5. Zinki "huliwa" ili mashine isiliwe. Tunga methali yako mwenyewe kutokana na jambo hili.

Majibu niletewe darasani, kidato cha tatu, kabla ya mkutano ujao wa chama. Methali itakayopendeza zaidi itabandikwa katika ubao wa matangazo.

Msomaji mpenzi, kesho asubuhi utakapopanda boti, usikae tu ukidurusu daftari. Geuka utazame tezini. Je, mashine inakojoa? Nanga ipo? Kasia liko wapi? Ukiona kimoja hakipo, muulize nahodha kwa adabu kabla kamba haijafunguliwa: "Shikamoo nahodha, nanga iko wapi leo?" Hatakasirika. Na akikasirika, afadhali hasira yake gatini kuliko kimya cha mashine mkondoni. Wasalaam.